Tusiisingizie Hataza

Kuna neno moja ambalo katika nchi yetu limegeuka kichaka cha kujifichia. Neno hilo ni hataza. Uliza kwa nini bomba la sindano la zahanati ya kijijini linatoka ng'ambo, utaambiwa wenzetu wana hataza. Uliza kwa nini mashine ya kumsaidia mtoto kupumua ikiharibika haitengenezeki, utajibiwa hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa Kidete, upande wa Kilosa, na kwetu mtu anayetoa sababu ileile kwa kila swali huwa tunamtazama usoni kwa muda mrefu kidogo. Naandika sura hii kuipinga sababu hiyo. Si kwa kuwatetea matajiri, maana wana mawakili wa kutosha. Naandika kwa sababu uongo unaotupa faraja ndio unaotuchelewesha kuliko uongo unaotuudhi.

Tuanze na maana. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na jamii. Serikali humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze alichobuni, kwa muda maalumu. Naye hutakiwa kulipa, na malipo yenyewe ni maandishi. Lazima aeleze waziwazi kitu chake kinavyofanya kazi, kiasi kwamba fundi mwenye ujuzi wa kazi ile akisoma aweze kukitengeneza. Kwa hiyo hataza si siri, bali ni kinyume cha siri. Anayetaka kuficha ujuzi wake haendi kuuandikisha. Huufungia kabatini na kunyamaza.

Haki hiyo ina mipaka miwili ambayo wasemaji wetu husahau kuitaja. Wa kwanza ni wa nchi. Hataza iliyoandikishwa Marekani haimzuii fundi wa Morogoro, kama haikuandikishwa pia huku au kupitia shirika la nchi zetu la ARIPO kule Harare. Mpaka wa pili ni wa muda. Kwa mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza mwaka 1995, kipimo ni miaka 20 tangu kuombwa. Baada ya hapo uvumbuzi ni mali ya kila mtu, kama njia ya kwenda kisimani. Zaidi ya hayo, nchi zilizo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, nasi tungalimo, zimeruhusiwa kutotekeleza sehemu kubwa ya mkataba huo hadi mwaka 2034. Sheria yetu wenyewe ya hataza ilitungwa mwaka 1987, ikaanza kutumika mwaka 1994, na daftari lake liko BRELA, Dar es Salaam. Nani kati ya wanaolalamika amewahi kwenda kuomba kulisoma?

Lakini nisijifanye sielewi uchungu wao. Mtu wa Kilosa hana haja ya kufundishwa jinsi uvumbuzi wa mtu wa mbali unavyoweza kumvunjia nyumba. Ukitoka Kidete kwa reli ya kati kuelekea Morogoro, ukaipita Kilosa, unafika Kimamba, nchi ya mkonge. Hapo manamba walikata majani, mitambo ya korona ikanguruma (jina hilo lilikuwa la mtambo kabla halijawa la ugonjwa), na katani ikapakiwa kwenda pwani. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za katani, ikiongoza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilichobaki kilikuwa kama sehemu ya kumi tu.

Kilichotokea ni kwamba mwaka 1954 Mtaliano Giulio Natta alipata njia ya kutengeneza plastiki inayoitwa polipropilini kutokana na gesi za mafuta ya petroli. Mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler wakapewa tuzo ya Nobel. Makampuni yakapigana mahakamani Marekani kwa miaka mingi kujua nani alitangulia, hadi hataza ikatolewa mwaka 1983 kwa kampuni ya Phillips. Wakati wao wanagombania karatasi, kamba ya plastiki ilikuwa imekwisha kuingia mashambani Ulaya na Marekani na kuifukuza kamba ya katani. Kutaifisha mashamba mwaka 1967 na uendeshaji mbovu uliofuata navyo vilichangia. Sitaki kumbebesha mgeni mzigo wote. Lakini plastiki ilikuja, na mkonge haukuwa tena mfalme.

Pareto nayo ina hadithi ya namna hiyo. Wakulima wa nyanda za juu za kusini na ndugu zetu wa Kenya walikuwa wakilima ua ambalo sumu yake huua wadudu bila kumdhuru sana binadamu. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, Michael Elliott na wenzake waliiga umbile la sumu hiyo, wakaunda permethrini, ambayo haiharibiwi upesi na jua. Uvumbuzi ukawekewa hataza, na soko la ua likatikiswa.

Msomaji atasema: basi wewe mwenyewe umetoa ushahidi kwamba hataza imetuumiza. La hasha. Kilichotuumiza ni maabara. Hataza zile zimekwisha muda wake, permethrini na polipropilini leo ni huru kwa mwanadamu yeyote. Je, kufunguka huko kumeturudishia nini? Tena tukumbuke kwamba mkonge haukuwa wetu wa asili. Asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafika 62 hai ikapandwa karibu na Pangani. Tulitajirika kwa mmea wa watu, tukafukuzwa sokoni kwa plastiki ya watu. Katika safari zote mbili tulikuwa vibarua. Hilo ndilo jeraha, na halijaandikwa katika hataza yoyote.

Nikubali jambo moja kwa moyo mweupe. Yako mahali ambapo hataza imeua watu. Mwaka 1998 makampuni ya dawa 39 yaliishtaki serikali ya Nelson Mandela kwa sheria iliyotaka kupunguza bei za dawa, wakati UKIMWI ukifagia vijiji. Dawa za kufubaza virusi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Aprili mwaka huo makampuni yakaiondoa kesi yao kwa aibu. Anayesema hataza haina dhambi hajui historia hiyo. Lakini tazama nani aliyevunja bei. Sheria ya India ya wakati ule ilikataa hataza za dawa zenyewe, hilo ni kweli, ila sheria bila kiwanda isingetoa hata kidonge kimoja. Cipla walikuwa na mitambo, wakemia, na mazoea ya miaka mingi. Sisi tulipiga makofi, na tulikuwa na haki ya kupiga, lakini kupiga makofi si kazi ya kiwandani.

Sasa nije kwenye vifaa vya hospitali, maana huko ndiko kisingizio kinaponiudhi zaidi. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja nilikuta mashine ya kutengenezea hewa ya oksijeni imefunikwa kitenge pembeni ya wodi ya watoto. Ilikuwa na kibandiko cha mfadhili, na vumbi. Nikauliza. Fundi akanijibu kwa upole kwamba imekufa na haiwezekani kuitengeneza, kwa sababu "hiyo ni siri ya kampuni, ina hataza". Wodini mlikuwa na watoto wenye nimonia.

Ndugu msomaji, hebu nikueleze siri hiyo. Hewa tunayovuta ina sehemu 78 kwa mia za naitrojeni na 21 za oksijeni. Yako madini yanayoitwa zeolaiti, chembechembe kama mtama, ambayo hewa ikishindiliwa ndani yake huikamata naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Ukipunguza shinikizo, chembe hizo huiachia naitrojeni, nazo zinakuwa tayari kwa kazi tena. Basi unaweka mitungi miwili: huu unakamata wakati ule unatema, kisha vinabadilishana, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Njia hiyo ilibuniwa na Charles Skarstrom wa kampuni ya Esso, Marekani, akapewa hataza mwaka 1960. Kwa sheria ya huko wakati ule hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Kwa hiyo moyo wa mashine ile umekuwa huru tangu mwaka 1977. Wazazi wengi wa watoto wale hawakuwa wamezaliwa.

Basi mashine iliuawa na nini? Aghalabu mashine za namna ile huuawa na unyevu na vumbi. Zeolaiti ikinywa unyevu haikamati tena naitrojeni. Kichujio cha vumbi kisiposafishwa, kishindilio cha hewa huungua. Dawa yake ni kusafisha kichujio, kupima hewa inayotoka, na kubadilisha chembe zilizochoka. Inahitaji kipimo, vipuri na fundi aliyefundishwa. Simlaumu fundi yule; hakuna aliyempa hata kimojawapo. Namlaumu aliyemfundisha neno hataza kabla hajamfundisha neno zeolaiti.

Kama bado una shaka, kumbuka mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoenea, kampuni ya Medtronic, kubwa kabisa katika biashara hii, ilitoa bure kwa ulimwengu michoro ya mashine yake ya kupumulia ya PB560. Mtu yeyote aliweza kuichukua kwenye intaneti. Je, mashine ngapi za mchoro ule zilitoka katika karakana zetu? Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, nchini Kenya, walijitahidi wakaonyesha ya kwao Aprili ile, na nawavulia kofia. Lakini mchoro hauna vali ndani yake. Hauna mota ndogo isiyotoa cheche, wala kifaa cha kupima pumzi, wala maabara ya kuthibitisha kwamba mashine haitapasua mapafu ya mgonjwa. Mlango ulifunguliwa wazi, nasi tukabaki kizingitini tukiusifia upana wake.

Kwa upande wa pili, uko mfano wa nyumbani unaoonyesha mlango ukiwa na mtu wa kukushika mkono. Kampuni ya Sumitomo ya Japani ilikuwa na uvumbuzi wa kuchanganya permethrini ndani ya uzi wenyewe wa plastiki ya poliethilini, ili dawa itoke polepole kwa miaka badala ya kuoshwa na maji ya kwanza. Mwaka 2001 chandarua hicho, Olyset, kilikuwa cha kwanza cha aina yake kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2003 Wajapani wakawapa ujuzi huo A to Z Textile Mills wa Arusha bila kudai mrabaha. Hawakutuma karatasi tu, walikuja watu na mitambo, na wanunuzi wakubwa wakaahidi kununua. Kiwanda kikaajiri maelfu, wengi wao wanawake, na vyandarua vikatoka kwa mamilioni. Katika mkoa wetu wa Morogoro, ambako watafiti wa Ifakara walikuwa wamekwisha kuonyesha katika miaka ya 1990 jinsi chandarua chenye dawa kinavyookoa watoto, tunajua thamani ya kitu hicho kuliko wanaokihesabu kwa dola.

Hata hapo nisipambe kupita kiasi. Plastiki yenyewe na dawa yenyewe viliendelea kuagizwa kutoka nje. Tulipewa kusuka, hatukupewa kupika. Na permethrini ile ni mjukuu wa pareto, ua tunalolilima. Lakini angalia kilichofuata. Waliosuka kwa miaka kadhaa walianza kufikiri kama wasukaji, na mwaka 2015 chandarua cha kiwanda hichohicho kwa jina lake chenyewe, MiraNet, nacho kilipata pendekezo la Shirika la Afya Duniani. Hivyo ndivyo ujuzi unavyohama. Huingia mkononi kwanza, kichwani baadaye, na kwenye karatasi mwisho kabisa.

Bomba la sindano linafundisha hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 peke yake sindano zisizo salama ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini aina ya B, na watu 260,000 virusi vya UKIMWI. Tiba yake ni bomba linalojifunga likishatumika mara moja. Mwingereza Marc Koska alibuni lake mwaka 1984 lakini la kwanza liliuzwa mwaka 2001, miaka 17 baadaye. Hata mwenye hataza, mwenye nchi tajiri, alisota miaka yote hiyo kutafuta wa kutengeneza na wa kununua! Leo kiwanda cha Revital huko Kilifi, pwani ya Kenya, kinatengeneza mabomba ya kujifunga. Na bomba la sindano hutengenezwa hasa kwa plastiki gani? Polipropilini, ileile iliyomfukuza manamba wa Kimamba. Ukiitumikia itakufukuza, ukiitawala itakutumikia.

Naogopa sasa kuna kundi la pili linalofurahi, nalo lazima nilipige kidogo. Hawa ndio wanaosema dawa ni vijana wetu waandikishe hataza nyingi. Huandaa maonyesho, hutoa vyeti, hupiga picha na kijana aliyeshika kitu chenye nyaya, kisha kijana hurudi nyumbani na cheti chake. Hataza ni fimbo ya kulindia shamba. Kwa asiye na shamba ni fimbo tu. Mtazame Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda tuzo ya Afrika ya wahandisi ya Uingereza mwaka 2015 kwa kichujio chake cha maji. Hakuishia kwenye tuzo. Aliunda kampuni, akaipa jina la kijiji chake, Gongali, akafungua vituo vya kuuza maji safi. Tuzo ilimsaidia, hataza inaweza kumlinda, lakini kinachomtetea ni mteja aliyekuja na ndoo.

Na upo ujuzi mkubwa wa tiba ambao haukuwekewa hataza kabisa, nao ukaenea kwa kufundishwa. Mguu wa bandia wa Jaipur ulibuniwa India mwaka 1968 na fundi Ram Chander Sharma pamoja na Dk. Sethi, wakauachia ulimwengu. Huku kwetu, chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa viungo vya bandia kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1981. Shule ya zaidi ya miaka arobaini! Hakuna aliyeikataza kwa hataza, na hakuna aliyeikuza kwa hotuba. Imekuzwa na walimu na karakana.

Basi nataka nini? Nataka mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, serikali inaponunua kifaa cha tiba kwa fedha ya wananchi, mkataba uwe na kifungu cha fundi: nani atafundishwa, kwa muda gani, na vipuri vitatoka wapi miaka mitano ijayo. Msaada usio na kifungu hicho tuukatae kwa adabu, maana nguo ya kuazima haisitiri matako. Pili, kila chuo cha ufundi kipewe kazi ya kusoma hataza zilizokwisha muda, kwa Kiswahili, na kuzitengeneza kwa mikono. Ziko bure kwenye intaneti, mamilioni. Mwanafunzi aliyeunda mitungi miwili ya Skarstrom, hata ikitoa oksijeni hafifu, hatamwambia mtu kamwe kwamba hiyo ni siri ya kampuni. Tatu, kiwanda cha nyumbani kinachofikia kipimo cha ubora kihakikishiwe mnunuzi. A to Z haikuinuliwa na uzalendo wa maneno, iliinuliwa na oda.

Atakayesema haya ni makubwa kwa nchi maskini, nitamwonyesha jambo dogo. Kwetu Kidete kuna bwawa lililojengwa zama za mkoloni kuyatuliza maji yasiivamie reli na mabonde. Tuta lake lilichoka, watu wakaliona likichoka, miaka ikapita. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalikuja, yakang'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, yakawaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, na treni ikasimama kwa miezi. Nauliza: tuta la udongo lina hataza ya nani? Jembe lina hataza? Jiwe? Hakuna mzungu wala Mjapani aliyetukataza kurudishia udongo mahali pake.

Ndiyo maana nasema tusiisingizie hataza. Asiyetunza tuta lisilo na mwenyewe hataweza kutunza mashine hata akipewa na mchoro wake. Na anayeanza kwa kutunza tuta, akajua maji yanapita wapi na kwa nini, huyo kesho atauliza hewa inapita wapi ndani ya mtungi. Tuanze kuuliza. Majibu yamekwisha kuandikwa, na mengi hayana tena mwenyewe.